Siku Niliyomwambia Mama Brayan Arudi Jumatatu

Hapana Rehema, siyo kamari, na siyo ramli pia, na usiniambie tena kwamba ningeuza ndizi zangu kimya kimya kama watu wengine yasingenikuta, kwa sababu chati yangu haikusema uongo hata kidogo, kila mshumaa niliouchora pale ukutani ulikuwa ni bei ya kweli ya siku ya kweli, aliyeboronga ni mimi, na ndiyo maana naandika haya yote leo leo kabla aibu haijapoa, maana ikishapoa najijua, nitaanza kujitetea. (Tayari nimeanza, naona. Basi.)

Nimeaibika. Wacha niseme hivyo kabisa. Nimeaibika Kimandolu, kwenye sherehe ya watu, nikiwa na gauni jipya, kwenye spika mbili kubwa zile za kukodi ambazo hata ukikohoa wanasikia mtaa wa pili.

Sasa nianzie wapi. Mamdogo wangu, mdogo wake mama, ndiye ninayekaa kwake tangu nimalize form four, ana kibanda cha ndizi pale sokoni Kwa Mrombo. Ndizi anazifuata mwenyewe juu Meru, huko kwetu, kwa wazee wenye mashamba ya kahawa na migomba, anazishusha, anauza. Mimi kazi yangu ilikuwa kufagia maganda na kukaa kwenye kiti cha plastiki nikisubiri nitumwe. Nikiwa pale kwenye kiti ndipo nikaanza kuangalia zile video za kwenye simu za kufundisha kusoma soko. Yaani kuna watu duniani wanakaa tu wanaangalia bei ya dhahabu au ya kahawa imechorwa kama mishumaa imepangwa mstari, na wakiutazama ule mpangilio wanajua soko linaelekea wapi. Nilichanganyikiwa. Nikafungua akaunti ya majaribio, ile ya hela hewa, nikajifunza usiku na mchana, maana hela za kweli ningezitoa wapi mimi.

Kwa asiyejua, mshumaa mmoja ni siku moja. Una mwili na una utambi. Mwili unakuonyesha bei ilifunguliwa wapi asubuhi na ikafungwa wapi jioni. Utambi unaotokea juu na chini unakuonyesha bei ilifika juu kabisa wapi na chini kabisa wapi. Kama jioni bei iko juu kuliko asubuhi, mshumaa ni mweupe. Kama imeshuka, mweusi. Ni hivyo tu, Rehema, hakuna jini hapo.

Siku moja nimekaa, naangalia Mamdogo anavyobishana na wateja, asubuhi mkungu bei hii, mchana imepanda, jioni anashusha ili asirudi na mzigo, nikajiambia, sasa hii si ndiyo yenyewe? Kwa nini nihangaike na dhahabu ambayo sijawahi hata kuishika wakati soko liko hapa miguuni kwangu? Nikachukua chaki na kipande cha mkaa, nikaanza kuchora kwenye ubao wa nyuma wa kibanda. Siku ya kupanda, chaki. Siku ya kushuka, mkaa. Kila jioni mshumaa mmoja. Mamdogo aliniangalia akasema, "Ukimaliza utanifutia," lakini hakufuta, na mimi sikufuta, na ukuta ukajaa.

Wiki yenyewe ikafika. Mamdogo alikuwa anapanda Meru kutafuta mzigo na kumwona bibi ambaye mguu unamsumbua, akaniita, akanipa funguo ya kibanda mkononi.

"Witness, wiki hii kibanda ni chako. Ukiniuzia vizuri, hiyo funguo sikudai tena, mimi nitakuwa nashusha mzigo na wewe unauza. Ukizingua, unarudi kwa bibi yako kupalilia kahawa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mamdogo."

Kahawa naiheshimu jamani, imenisomesha. Lakini kahawa haina haraka, na mimi nina haraka. Ile funguo niliivaa shingoni na kamba ya kiatu.

Akaendelea kuongea, habari za nani kalipa na nani atakuja kuchukua nini, na mimi nikawa nasema "eeh, eeh," huku nachora utambi wa jana ambao haukunyooka. (Hapo ndipo palipoharibika. Kama mnatafuta ile sehemu, ni hapo.)

Sasa sikilizeni. Kabla ya hiyo wiki soko lilikuwa limelala, mishumaa ya mkaa tupu, mweusi, mweusi, mweusi. Jumatano nikafungua, watu wakaja, bei ikapanda, mweupe mrefu. Alhamisi mweupe mrefu, umefunga juu ya ule wa Jumatano. Ijumaa, nyie, mweupe mwingine, mrefu kuliko wenzake, utambi hata hauonekani. Nikarudi nyuma hatua mbili nikautazama ule ukuta, nikapiga makofi peke yangu, kwa sababu hiyo kitu ina jina! Inaitwa wanajeshi watatu weupe. Ukiwaona baada ya soko kushuka muda mrefu, maana yake upepo umegeuka, bei inaendelea kupanda. Kwenye video yule kaka alisema hivyo hivyo, halafu akasema "lakini kabla hujaamua," na mimi hapo nikairuka video, maana bundle ilikuwa inaisha na sehemu ya muhimu nilikuwa nimeshaipata.

Ndiyo nikaamua. Jumamosi siuzi. Nashikilia mzigo wote mpaka Jumatatu, bei ikiwa juu kabisa naachia, Mamdogo akirudi anakuta maajabu, funguo ni yangu.

Jumamosi asubuhi nikaandika kwa chaki kwenye kipande cha boksi: LEO HATUUZI, SOKO LINAPANDA. Nikakitundika kwenye mikungu. Rehema na mama yake, ambao wana nyanya na vitunguu kibanda cha pembeni, wakakisoma wote wawili.

Rehema akasema, "We Witness, una akili wewe? Soko limejaa hivi halafu unafukuza watu?"

"Kujaa kwenyewe ndiyo dalili."

"Dalili ya nini?"

"Dalili kwamba Jumatatu watajaa zaidi."

Mama yake akacheka akasema, "Mwache, ana wanajeshi." (Nilikuwa nimeshawaambia habari za wanajeshi. Nilikuwa nimemwambia kila mtu, mpaka muuza mkaa.)

Na kweli siku ile watu walikuja kama wamefukuzwa. Kila aliyekuja anataka ndizi mshare, zile za kupikia, na anataka mkungu mzima, siyo vichana viwili vitatu. Mtu mwenye akili angejiuliza watu wote hawa wanapeleka wapi mikungu mizima. Mimi nikawa najisikia vizuri tu, kila niliyemfukuza nikahesabu ni mteja wa Jumatatu. Vibanda vingine mpaka saa sita walikuwa wamemaliza, wamekunja maturubai, wanahesabu chenji, mimi nimekaa katikati ya ndizi zangu kama malkia.

Ndipo akaja mama mmoja, amejifunga kanga, kichwani kilemba cha haraka haraka, ana jasho, amemwacha mtu wa guta la kubebea mizigo barabarani anamsubiri.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Mwenye kibanda yuko wapi?"

"Yuko Meru. Mwenye kibanda ni mimi."

"Haya, nipakilie zile ndizi. Tuliongea naye."

Sasa, mnisamehe, lakini hapa Kwa Mrombo kila mtu anasema tuliongea naye. Mtu hajawahi kumwona Mamdogo maishani anakuja anasema tuliongea naye akaniambia atanipunguzia. Kwa hiyo nikatabasamu kama mtu wa benki.

"Mama, leo hatuuzi. Soko linapanda. Njoo Jumatatu."

Akanitazama. "Jumatatu nimlishe nani?"

Hilo swali, jamani! Jibu lote lilikuwa ndani ya hilo swali, nimewekewa kwenye sahani kabisa, na mimi nikamshika mkono nikampeleka ukutani nikaanza kumfundisha. "Unaona huyu wa Jumatano, mama? Unaona mwili ulivyo mrefu? Huyu wa Alhamisi amefungia juu yake. Na huyu..." Yule mama akautazama ule ukuta muda mrefu, vile unavyomtazama mtoto wa mwenzio amechora kwenye makochi. Halafu akatoa simu, akampigia Mamdogo, haipatikani (huko kwa bibi network inategemea umesimama wapi). Akasema, "Sawa mwanangu. Asante," kwa upole kabisa, akaondoka. Akazunguka soko zima mikono mitupu, nikamwona anarudi kwenye guta na gunia la viazi.

Nikajiambia, ona sasa, angesubiri.

Jumapili ilikuwa kipaimara. Hilo nalijua, msifikiri silijui! Mimi mwenyewe ni Mlutheri, nimebarikiwa, gauni la siku hiyo nilikuwa nimeshonesha wiki tatu nyuma na lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango nikiliangalia kila nikiamka. Mamdogo alikuwa amealikwa kwa rafiki yake wa kikundi cha akina mama, Kimandolu, ambaye mimi sijawahi kumwona, mtoto wao anaitwa Brayan, na kadi inasema mtu na familia yake, kwa hiyo na mimi nimo. Lakini kichwani mwangu kipaimara kilikuwa chumba kimoja na soko chumba kingine, na katikati nimejenga ukuta, na huo ukuta nimeuchora mishumaa.

Nikafika kwenye sherehe mchana. Turubai limejaa, muziki, watoto na soda. Mamdogo akaja moja kwa moja kutoka Meru, hata nyumbani hakupita, akanikuta kwenye viti vya nyuma.

"Shikamoo Mamdogo."

"Marahaba. Mambo yameenda?"

"Yameenda kuliko unavyofikiri."

Akanipiga begani kwa furaha. Nakumbuka ule mkono mpaka sasa hivi.

Chakula kikafunguliwa, wazee kwanza. Wali, pilau, viazi, nyama, kabichi. Mzee mmoja, babu yake Brayan upande wa baba, ameshuka kutoka mlimani na koti lake la sherehe, akafunua sufuria ya kwanza, akafunua ya pili, akazunguka meza yote na fimbo yake, akauliza kwa sauti ya mtu ambaye masikio yameanza kuchoka:

"Ndizi ziko wapi?"

Akagonga fimbo chini.

"Mnanifanyia mjukuu kipaimara bila ndizi? Sisi ni watu wa wapi siku hizi?"

Kama hamjui Wameru, wacha niwaambie, unaweza kukosa kinywaji, unaweza kukosa muziki, lakini sherehe bila ndizi nyama ni kama umewaalika watu waje wakuangalie. MC akaona mambo yanaharibika, akadaka kipaza sauti ili achangamshe. "Babu, babu, kaa, nikueleze. Ndizi ziliagizwa! Mama mwenye sherehe aliagiza mwezi mzima kabla! Ila jana kaenda kuzichukua Kwa Mrombo, kakuta binti kibandani, binti kamwambia nini? Rudi Jumatatu!" Watu wakacheka. "Kwa nini? Kwa sababu ukutani kuna wanajeshi watatu!" Watu wakacheka zaidi, mtu mmoja akapiga kelele, "Wanalinda ndizi!"

Sahani yangu ilikuwa mkononi. Nikamtafuta mama mwenye sherehe kwa macho, yule pale, wigi, lipstiki, gauni la kung'aa, na chini ya vyote hivyo uso ni ule ule wa jana wenye jasho. Ndipo kichwa changu kikarudisha sauti ya Mamdogo, ile niliyoijibu eeh, eeh: Jumamosi atakuja Mama Brayan kuchukua ndizi zake, ile mikungu ya mbele usimpe mtu.

Nikaweka sahani chini ya kiti. Nikainuka taratibu kama naenda chooni. Mamdogo akanidaka mkono.

"Unaenda wapi? Zamu yetu ya kutunza hii."

Kutunza mnakujua, kila kikundi kinaitwa, kinapita katikati kinacheza na zawadi yake imeinuliwa juu watu waione. Zawadi yetu ilikuwa blanketi, na blanketi linashikwa pembe nne, na mimi ndiye mrefu, kwa hiyo nikawekwa mbele. Mbele kabisa! Nikacheza. Sijui nilichezaje. Niliinua ile pembe ifunike uso wangu, nikawa natembea kwa kufuata viatu vya watu, mpaka nikafika mbele ya Brayan na mama yake, na pale zawadi inashushwa. Ikashushwa.

Mama Brayan akaniangalia, mkono ukaenda mdomoni.

"Si ndiye huyu!"

Na MC, Mungu amsamehe, alikuwa amesimama pembeni yake na kipaza sauti kimewaka.

"Mwenye wanajeshi?" akasema, na muziki ukakatwa. "Binti, karibu. Hebu tueleze na sisi. Tunakosa ndizi, tusikose na elimu."

Hapa ndipo mtu mwingine angelia, au angepiga magoti akaomba msamaha, yangekwisha. Mimi nikachukua kipaza sauti nikaeleza. Kweli kabisa, nikaeleza! Kuna kitu ndani yangu kikiguswa hakikubali, nikaona bora wanicheke nikiwa na pointi. Nikasema shikamooni wazee, nikasema mshumaa una mwili na una utambi, nikaonyesha kwa mikono, nikasema Jumatano watu walinunua ndizi nyingi, bei ikapanda, Alhamisi wakanunua nyingi zaidi, Ijumaa nyingi zaidi ya hapo, na mtu akiona watu wananunua hivyo siku tatu mfululizo, lazima ajue kwamba kuna...

Nikawa naangalia lile turubai, yale masufuria, wale watoto wa kipaimara na suti zao na mashada shingoni, na mtaa wa nyuma nasikia spika ya sherehe nyingine, na ya tatu mbali kidogo.

"Kuna nini?" akauliza babu.

Na turubai zima, kwa pamoja, kama wanaitikia liturujia: "KIPAIMARA!"

Wamecheka, jamani. Wamecheka mpaka kuna mama amekaa chini kwenye nyasi. Brayan mwenyewe, ambaye asubuhi ile alikuwa mtakatifu, alicheka mpaka shada likamvuka. Babu akasubiri wanyamaze akaniuliza, kwa kutaka kujua kabisa, "Na hukumuuliza hata mtu mmoja anapika nini?"

"Hapana babu."

"Ahaa," akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Mamdogo hakucheka. Alikunja lile blanketi pembe kwa pembe, akalikabidhi, akamwinamia Mama Brayan akamwambia kitu sikioni, Mama Brayan akamshika mkono akatikisa kichwa, na kilichoniuma zaidi ya spika zote ni kwamba Mama Brayan ndiye aliyekuwa anambembeleza Mamdogo. Kwenye sherehe yake mwenyewe.

Tukaondoka jua bado lipo. Tulipofika Kwa Mrombo tukapitia kibandani, akainua boksi langu la LEO HATUUZI akalisoma, akageuza mkungu mmoja taratibu, na kwenye joto lile ndizi za mbele zilikuwa zimeshaanza kugeuka njano mgongoni. Akanyoosha kiganja.

"Funguo."

Nikavua ile kamba ya kiatu shingoni. Nikasema, kwa sababu mdomo wangu hauna breki, "Mamdogo, kesho bei itaanguka."

"Hiyo hata mbuzi anajua, Witness."

Akafunga, akatia funguo kwenye pochi, akatangulia.

Sasa ni jioni, niko jikoni, yeye yuko chumbani na mlango umerudishiwa, na sijui kama anafungasha nguo zangu au anasali. Rehema amenitumia ujumbe anasema nikafute ule ukuta alfajiri kabla soko zima halijaja kuutazama. Sifuti. Nisikilize vizuri Rehema, sifuti hata utambi mmoja, wale wanajeshi watabaki pale pale, ila chini ya kila mmoja nitaandika kwa chaki nilichopaswa kuuliza: kipaimara, kipaimara, kipaimara. Na ile video nimeitafuta nikaimalizia (kwa bundle ya kukopa). Kabla hujaamua, anasema yule kaka, jiulize kwa nini watu wananunua. Sekunde chache tu. Ndizo nilizoona zinanichelewesha.

Kesho asubuhi nitaamka kabla ya Mamdogo, nichemshe chai, nigonge mlango wake, niseme shikamoo, na nimwombe ile funguo, siyo ya kukaa nayo, ya kufungulia tu. Nitachagua mikungu ambayo bado ni mibichi, ya nyuma, niipakie kwenye guta niipeleke Kimandolu, maana wageni wa mlimani hawaondoki siku moja, na babu bado yupo. Nitamenya mwenyewe. Mama Brayan akinifokea nitasimama nisikilize mpaka amalize, sitaeleza kitu, na nikimaliza kumenya nitamuuliza yeye na akina mama wote watakaokuwa pale jikoni: harusi ni lini, ubatizo ni lini, nani anaposa, nani ana arobaini ya mtoto. Halafu nitarudi Kwa Mrombo nimrudishie Mamdogo funguo yake mkononi, nichukue kipande cha mkaa, na nichore mshumaa wa Jumatatu, mweusi, mrefu, kwa mkono wangu.